Wasifu wa Mchekeshaji wa Stendi

Nilianza kuandika wasifu wa marehemu kwa sababu ya mwandiko, si kwa sababu ya akili. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani najikweza. Shule niliisoma vizuri mpaka darasa la tano, ndipo homa ya uti wa mgongo ikanilaza, na nilipoinuka masikio yalikuwa yamezimika. Walinirudisha darasani. Nikakaa dawati la mbele mpaka darasa la saba, nikinakili ubao. Mtu anayenakili ubao muda wote huo bila kusikia neno, mwandiko wake utakuwa mzuri tu, hata kama yaliyoandikwa hayakumwingia.

Babati ndiyo kwanza ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa. Watu walikuja kutoka kila upande, makarani, madereva, mafundi wa kujenga, wafanyabiashara, wakapanga vyumba kwetu Nangara. Na miaka ile watu walikuwa wanakufa sana, tena vijana, na ugonjwa wenyewe hautajwi. Mtu anafia kwenye chumba cha kupanga, majirani hawakijui hata kijiji chake, ndugu wanafika na gari kuchukua mwili. Lakini kabla mwili haujaondoka lazima wasifu usomwe. Bila wasifu ni kama mmepakia mzigo.

Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kwa mama kutafuta mwenye mwandiko wa kusomeka. Mama akanitoa mimi. Nikajifunza mtiririko wake: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, alianza kusumbuliwa na kifua, mauti yakamkuta, ameacha mke na watoto kadhaa. Kifua, kifua, kifua. Nimewaandikia watu wengi kifua.

Baadaye nikaanza kuongeza kitu kidogo. Kwa dereva mmoja niliandika kwamba alikuwa anaosha viatu vyake kila jioni hata siku ambayo hakutoka nje. Msomaji alipofika hapo niliona watu wameinua nyuso, na mke wa marehemu akaitikia kwa kichwa. Mimi sisikii wasifu ukisomwa, nasoma midomo ya msomaji na nyuso za watu. Zikiinuka, najua wamefikia mstari wangu. Tangu siku hiyo nikawa nautafuta mstari huo kwa kila marehemu. Sijui kama huo ndio uandishi. Nimewahi kujiuliza mara nyingi na sijapata mtu wa kunijibu.

Mchana nilikuwa nachambua mbaazi kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja nyuma ya soko. Wanawake wenzangu waliniita Mwandishi wa Marehemu. Mmoja alikuwa ananigeukia kabisa ili niione midomo yake, anasema, "Dada, usinitazame hivyo, mimi bado sijafa." Wote wanacheka, na mimi nacheka. Ulikuwa utani mzuri, siwezi kusema haukuwa mzuri.

Sasa nieleze habari za mchekeshaji mwenyewe.

Alikuwa kijana wa Sigino, kiziwi wa kuzaliwa. Stendi walimwita Bubu. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya abiria, na kati ya basi moja na jingine alikuwa anaigiza. Hakwenda shule hata siku moja. Lakini alikuwa akimtazama mtu anavyoshuka kwenye gari, basi amekwisha mchukua. Alimwiga ofisa mgeni anayetafuta mahali pasipo na tope pa kuweka kiatu. Aliwaiga wapiga debe wanaovutana abiria mpaka abiria anakaribia kuchanika mikono. Lakini watu walimpenda zaidi kwa mpima ardhi. Wakati ule wapima ardhi walikuwa kila mahali, mji unakatwa viwanja. Alitanua miguu yake ikawa ile miguu ya kifaa chao, akafumba jicho moja, akawa anampungia msaidizi ambaye hayupo: sogea kulia, sogea tena, tena kidogo, mpaka msaidizi anatumbukia mtaroni. Hata hakumwangalia alivyotumbukia. Akachukua jiwe la mpaka ambalo nalo halipo, akaja nalo akilemewa, akalitua katikati ya begi la abiria. Na abiria yule, mtu mzima na akili zake, akalizunguka begi lake mwenyewe kulifuata basi.

Nimeandika hivyo na najua haichekeshi. Nimejaribu kumwandika mpima ardhi yule mara nyingi na kila mara amenifia kwenye karatasi. Yule kijana alikuwa anammaliza kabla basi halijawasha injini.

Mimi mwanzoni niliwakwepa. Stendi kulikuwa na viziwi wachache, mkubwa wao fundi viatu, wakiongea kwa mikono nyuma ya kibanda chake. Nilijiambia mimi si wa kule, mimi ni mtu niliyeugua. Nina sauti, ingawa wanasema inatoka kama ya mtu aliye kisimani. Najua kusoma. Wanaosikia nao hawakunihesabu kuwa wao, kwa hiyo nilikuwa nimebaki katikati, na pale katikati niliona ni mahali pa heshima kidogo.

Yule kijana wa Sigino ndiye aliyenitoa hapo. Siku moja nilipita stendi, akaniiga mimi. Alisukuma kichwa mbele, macho kwenye midomo ya mtu, anayumba kuifuata kama kuku aliyeona punje mkononi mwa mtu. Watu wakacheka. Nilikasirika mpaka nikafika sokoni, halafu pale sokoni nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Hakuna aliyewahi kuniandika vizuri hivyo. Baada ya hapo nikawa naenda kwa fundi viatu Jumapili baada ya ibada, nikajifunza mikono yao. Nilijifunza nikiwa mtu mzima na mpaka leo wanasema natia chumvi mahali pasipotakiwa.

Alivyokufa naandika kama nilivyoambiwa, sikuwepo. Nilisimuliwa na fundi viatu na mama mmoja muuza karanga, na hawakutofautiana sana.

Ilikuwa siku ya mnada, stendi imejaa. Kijana alikuwa amebeba gunia la abiria, akalitua ghafla kando ya basi la Arusha, akashika tumbo. Akainama. Akashika ubavu wa basi, akainuka, akainama tena, uso ameukunja. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema leo anatuletea mama anayejifungua. Wakacheka. Alipiga magoti, wakacheka zaidi. Wengine walimtupia sarafu kama kawaida yao. Mama muuza karanga aliniambia kijana alizitazama zile sarafu muda mrefu, kisha akazilalia pale chini, na hapo wakapiga makofi. Yule mama mwenyewe alipiga. Alinieleza bila kujitetea, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Fundi viatu alikuwa amekwenda kununua gundi. Aliporudi alijua mara moja, kwa sababu kijana yule alipokuwa anaigiza hakufumba macho yote mawili hata kidogo, alikuwa lazima awaone watazamaji. Na sasa alikuwa ameyafumba. Wakampakia kwenye mkokoteni, wakampeleka kwa waganga wa kituo cha afya. Kule nako hakuna aliyeweza kumuuliza kitu akajibu. Fundi viatu aliwaonyesha tumbo, wakampa dawa ya tumbo. Siwezi kuwalaumu, hata mama mzazi huwa anakosea tumbo la mtoto anayelia. Kesho yake alikuja daktari mwingine, akambonyeza, akasema kuna kitu kimepasuka ndani, apelekwe hospitali kubwa. Gari likatafutwa. Jua halijatua akawa amefariki.

Na mimi muda wote huo nilikuwa ghalani nachambua mbaazi, si mbali, kama kutoka hapa mpaka kanisani. Mdomo ninao na mikono ninayo, ningeweza kuuliza kwa huku na kujibu kwa kule. Hakuna aliyefikiri kuniita. Sidhani kama hata mimi ningefikiri.

Baba yake alikuja nyumbani na kaka wa marehemu kuomba wasifu. Mzee alikuwa mkulima, mtu wa asili ya Mbulu, Kiswahili alikipata ukubwani na midomo yake inakiendea taratibu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema kitu ambacho sikukishika. Kaka ikabidi anirudie.

"Anasema, uandike mwanawe alikuwa mtu."

Nikamwambia nitaandika. Mzee akatoka nje, akaenda kukaa na mama. Yule kaka akabaki, akaniomba nisiandike marefu. Alinihesabia mwenyewe: hakusoma, hakuoa, hakuajiriwa, hakuacha mtoto.

"Sasa utaandika nini, dada? Yule hakuwa na historia."

Msimchukie. Ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni wakiwa wadogo, ndiye aliyelipia jeneza, na alipokuwa anasema hivyo alikuwa anajifuta uso kwa kofia yake. Ninachosema ni kwamba tangu hapo nikajua kazi iliyo mbele yangu. Ama kijana huyu angezikwa kama mtu aliyefanya kazi yake mbele ya mji mzima na mji ukamwona, ama angezikwa kama mzigo. Na kama nisingeandika mimi, hapakuwa na mwingine.

Niliandika nikachana, nikaandika tena. Nilipofika kwenye kazi yake niliandika kwamba alikuwa msanii. Neno hilo sikuwahi kumwandikia mtu, niliogopa hata kulitazama. Nikaeleza mpima ardhi kwa mistari michache. Kisha nikafika kwenye kifo. Kalamu ilitaka kuandika "aliugua tumbo kwa muda mfupi", imeshazoea. Nikaandika hivi: aliugua mbele yetu, tukadhani anaigiza.

Niliandika "tukadhani" ingawa sikuwepo. Kuandika "wakadhani" niliona ni kujitoa. Kama ningekuwepo, ningemjuaje mimi? Huenda ningecheka kuliko wote.

Kaka yake alikuja kuuchukua, akausoma amesimama mlangoni. Alipofika kwenye mstari ule akanitazama. Akaniambia utawaumiza watu, na watu hao ndio wamechanga rambirambi, stendi nzima imechanga.

"Ni kweli lakini?" akauliza.

"Ni kweli."

Akaukunja, akautia mfuko wa shati. Hakusema atausoma wote wala hakusema hatausoma.

Maziko yalikuwa kwao Sigino. Turubai lilifungwa kwenye nguzo za miti, mabenchi yaliazimwa kanisani, wanawake wako upande wa moto na sufuria. Wapiga debe walikuja na basi walilopewa bure na mwenyewe, wamevaa vizuri, wengi wanalia. Hilo lazima niliseme, walilia kweli.

Kwa kawaida mimi hukaa mbele nimwone msomaji. Lakini fundi viatu na wenzake walikuwa wamewekwa pembeni, karibu na uzio wa minyaa, na waliponiona wakaniuliza kwa mikono kama nitawaambia yanayosemwa. Marehemu alikuwa wao kuliko alivyokuwa wa mtu yeyote pale, na kila walichokiona ni migongo. Nikawaza. Nikikaa nao siioni midomo ya kaka. Nikikaa mbele wao hawapati kitu. Nikaenda kusimama kwenye nguzo ya turubai ya pembeni, ubavu wangu kwa kaka, uso wangu kwao.

Ilikuwa mara ya kwanza kuitoa mikono yangu mbele ya watu wa kanisa. Mama yangu alikuwa amekaa na akina mama, nikamwona ameinamisha kichwa.

Kaka alianza kusoma, nami nikaanza. Kuzaliwa, Sigino, wazazi, mtoto wa pili. Haikuwa shida, wasifu ule niliuandika mimi, nilikuwa naujua. Tulipofika kwenye kazi yake sikuwa na alama ya msanii, viziwi wa stendi hawakuwa nayo na mimi sikuijua. Kwa hiyo nikatanua miguu, nikafumba jicho moja, nikampungia mtu kulia. Fundi viatu akacheka, na sauti yake ikatoka, maana niliona watu wamegeuka. Mzee mmoja wa kanisa akanikazia macho. Kule mbele kaka alikuwa bado anasoma maneno yale yale, na ninataka ijulikane kwamba neno msanii alilisoma. Nililiona kwenye midomo yake.

Kisha nikamwona amefika kwenye kifo. Midomo ikasema: aliugua tumbo kwa muda mfupi.

Aliuruka mstari wangu. Aliyaweka maneno ambayo kalamu yangu mwenyewe ilitaka kuyaweka.

Mikono yangu ikabaki hewani. Ningeweza kuonyesha anaumwa, tumbo, amekufa, ni alama tatu tu na zinatosha. Fundi viatu alikuwa ananitazama anangoja. Yeye alikuwepo, alikuwa anajua. Alikuwa anangoja kuona kama wenye masikio wameambiwa.

Sijui kama niliamua. Nilishika tumbo. Nikashika nguzo ya turubai, nikainama, nikainuka, nikainama tena, uso nimeukunja kama nilivyoelezwa. Nikapiga magoti kwenye vumbi na gauni langu la kanisani. Niliwatazama watu wa stendi kutoka pale chini. Kijana mmoja alicheka, akageuka kulia na kushoto, akaona hana mwenzake. Mama muuza karanga akajifunika uso wote kwa kanga. Midomo ya kaka ilikuwa imeacha kwenda. Nikatazama vumbini mbele yangu, muda mrefu, kama mtu anayetazama kitu alichotupiwa. Kisha nikafumba macho yote mawili.

Nilipoyafumbua baba wa marehemu alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Aliishika mikono yangu yote miwili, akaibana mapajani mwangu isitikisike. Alikuwa karibu sana, midomo yake niliisoma bila shida.

"Basi, mwanangu. Wameelewa."

Alininyanyua. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananishukuru au ananiondoa.

Baada ya maziko yale balozi hakunifuata tena. Wasifu wa Nangara akawa anaandika mwalimu mmoja mstaafu, na anaandika vizuri, sina neno. Mfiwa ana haki ya kumwogopa mwandishi asiyejua pa kunyamaza. Wapo waliosema niligeuza msiba wa watu kuwa stendi. Wapo wapiga debe ambao mpaka leo wakiniona wanatazama pembeni, na wapo wawili waliokuja kunisalimia ghalani. Kaka wa marehemu tunasalimiana. Mama hakuniuliza, ila alilifua gauni lile mwenyewe, na mimi huwa najifulia.

Nimejiuliza kama nilifanya kwa ajili ya kijana yule au nilitaka nionekane, baada ya miaka yote ya kuandika maneno yanayotoka kwenye vinywa vya watu wengine. Nadhani ni vyote viwili. Nadhani pia niliigiza vibaya.

Mbaazi mpya zilipoanza kuingia, yule mzee, baba wa marehemu, alikuja ghalani. Wanawake wakampisha, wakampa gunia la kukalia. Aliamkiwa na wote, akaitikia mmoja mmoja. Hakuwa na mzigo wa kuuza. Akanipungia nimtazame, akainua mkono wake wa kulia. Alikunja ngumi akaigusisha kifuani, akaifungua kuelekea chini, kiganja kikiitazama ardhi, akaitikisa mara mbili. Mkono ulikuwa mgumu, wa jembe.

Alisema polepole, na safari hii nilimshika.

"Alikuwa ananifanyia hivi kila jioni akirudi. Mimi nilidhani anaomba chakula. Nikawa nampa chakula. Ni nini?"

Nikamwomba arudie. Akarudia. Haikuwa alama ya stendi, sikuwahi kuiona kwa fundi viatu wala kwa mwingine. Ilikuwa ya nyumbani kwao, aliitunga mwenyewe kabla hajajua kwamba duniani kuna kiziwi mwingine.

Ningeweza kumwambia ni shikamoo. Ningeweza kumwambia ni baba. Maneno yalikuja kwa urahisi kabisa, mazuri, ya kufunga nayo ukurasa, na mzee angeyabeba mpaka Sigino. Wanawake walikuwa wameacha kuchambua. Wote walikuwa wanatazama mdomo wangu.

"Sijui, baba," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainua mkono tena, akafanya polepole zaidi, akinyoosha vidole kimoja kimoja, kama vile kosa lilikuwa la mkono wake.